Kabro, galana au simiti: uwani uweke nini, Malindi na hata Lamu

Masika yakiisha tu naanza kuulizwa. Watu ambao ua wao ulikuwa dimbwi tangu Aprili, jua likitoka wiki moja wanataka wamwage simiti kutoka mlangoni hadi getini wasahau habari ya matope milele. Ngoja kwanza bwana. Mi si fundi, ila uwani kwangu hapa Malindi nimeshamwaga simiti nikaivunja, nikaweka kabro, yale matofali ya zege ya kupanga chini, jirani nimemshikia uzi akiweka mawe ya galana, na kwa khala yangu Lamu nimepakia mawe kwenye punda mpaka nikajua uzito wa kila kitu kwa mgongo. Haya ninayosema ni ya mtu aliyelipia makosa yake kwa pesa taslimu.

Makosa yenyewe ndo haya. Mara ya kwanza nilimwaga zege uwanja mzima, mita 6 kwa 5, juu ikapigwa niru ikang'aa kama sahani, watoto wakapata pa kuchezea, mama watoto akapata pa kuanika mchele, kila mgeni akija anasifia. Haikufika miaka miwili mzizi wa mkungu ulio ukutani ukaanza kuinua kona, ufa ukatoka pale ukaja hadi katikati, halafu siku moja mita ya maji inazunguka na mifereji yote imefungwa. Bomba linavuja chini ya zege. Fundi wa bomba akaja akauliza, bomba lapita wapi? Kila mtu anamwangalia mwenzake. Tukavunja na nyundo siku tatu tukitafuta, na tulipoziba, kile kiraka hakikulingana rangi na sakafu hata siku moja, kama kanzu nyeupe iliyotiwa kiraka cha gunia. Jirani yangu upande wa pili bomba lake lilimpasukia mwezi uleule. Yeye ana kabro. Asubuhi alizing'oa mstari mmoja, akazipanga pembeni, bomba likatengenezwa, na kabla ya adhana ya alasiri zilikuwa zimerudi chini kama hakuna kilichotokea.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza nzuri ni ipi, mi sianzi na rangi wala bei. Naanza na hili: siku ikibidi kung'oa, hicho kitu kitang'oka kizima kirudi mahali pake, au kitakuwa kifusi? Manake huku kwetu kung'oa kupo tu. Kuna mizizi ya mwarobaini na mkungu, kuna shimo la choo la kuzibua, kuna bomba, kuna waya wa stima wa taa za bustani, na kuna chumvi ambayo haiachi kitu.

Sasa tuziweke ubavu kwa ubavu.

Kabro kwanza, kwa sababu ndo kila mtu anazo akilini. Zile za umbo la tofali ni sentimita 20 kwa 10, kwa hivyo mita moja ya mraba inakula 50, hesabu rahisi hata mtoto wa shule anakupigia. Unene ndo wa kuangalia. Milimita 60 ni za watu kutembea na gari dogo, kama lori la maji au la taka litaingia hadi ndani basi chukua za 80, usidanganywe na mtu anayekwambia zote ni moja. Na usinunue kwa macho. Chukua mbili uzigonganishe, zikilia kwa sauti kali kavu ni nzuri, zikilia mbu mbu kama unagonga muhogo ziache hapohapo. Kwaruza na msumari pia, ikitoka unga mwingi simiti ilikuwa haba. Halafu uliza zimetengenezwa lini, zege hufikia nguvu yake ya kuhesabika siku ya 28, na kuna watu wanapakia kwenye pikapu vitu vilivyotoka kwenye kalibu wiki iliyopita, pembe zinaanza kumeguka kabla hazijafika kwako.

Uzuri wa kabro ni huo wa kung'oka. Mafuta ya samaki yamemwagika siku ya kuchoma, yameingia ndani hayatoki kwa sabuni, unaigeuza tu ile kabro chini juu maisha yanaendelea. Maji ya mvua yanapata pa kupenya kwenye mianya, si yote, mengine lazima uyape mteremko, lakini yanapenya. Ubaya wake? Ndago. Ile nyasi haijui kushindwa, inachomoza kwenye mwanya mwembamba kuliko ukucha. Na sisimizi, wanatoa mchanga wa kwenye mianya punje kwa punje wanaujengea vichuguu vyao juu, kila baada ya muda lazima ufagie mchanga mkavu laini uingie tena. Watu wanaona kama ni kazi ya urembo, siyo, ule mchanga ndo unaozifunga kabro zisicheze, ukiisha zinaanza kutikisika moja moja.

Rangi nayo. Zile nyekundu na nyeusi zikiwa mpya zinapendeza, jua la kaskazi likizipiga miaka michache nyekundu inakuwa kama chai ya maziwa. Nyeusi mi siziweki kabisa mahali pa kukanyaga pekupeku, saa saba mchana utaruka kama kuku. Tena utaona weupe weupe juu yake miezi ya mwanzo ukadhani ni chunyu, kumbe mara nyingi ni chokaa iliyo ndani ya simiti yenyewe inatoka na maji na kukauka juu, unaisugua na brashi kavu, mvua ikipiga mara kadhaa inapungua yenyewe. Ila kama fundi amelaza kabro juu ya mchanga wa baharini, basi hiyo ni chunyu kweli na itakuwa inapanda kila maji yakikauka. Mchanga wa mto Sabaki ni afadhali. Hujui ni upi umeletewa? Weka kidogo ulimini, wazee walifanya hivyo na mi nafanya hivyohivyo mbele ya dereva wa lori, anacheka lakini siku nyingine hakuletei wa pwani.

Galana sasa. Haya ni mawe ya mchanga yanayotoka bara kule upande wa mto Galana, mto uleule ambao ukikaribia baharini tunauita Sabaki na ukifurika unatugeuzia bahari ikawa ya kahawia. Yanapasuka tabaka tabaka ndo maana unapata vibao bapa. Mazeras ni ndugu yake, kutoka kule Mazeras kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, nalo jiwe la mchanga, na kwa matumizi ya uwani sioni kama kuna haja ya watu kugombana hili au lile. Aliyeko Malindi galana iko karibu na yeye, aliyeko Mtwapa au Mombasa mazeras iko karibu na yeye, unachoongeza ni nauli ya lori tu. Rangi ndo itakuamulia, galana ninazoziona hapa zina ule manjano wa asali unaoingia kwenye kahawia na nyingine kijivu, na zikilowa na maji jioni hakuna kabro itakayokaribia, hilo nakubali bila ubishi.

Lakini ukichagua galana ujue unachagua vitu viwili, si kimoja. Kuna vibao vyembamba vya sentimita 2 au 3, hivyo huwezi kuvilaza juu ya mchanga peke yake, mtu mzito akikanyaga ukingoni vinakatika kama kaimati ya jana, lazima vikae juu ya zege na mchanganyiko wa simiti na mchanga chini yake. Sasa hapo umerudi kulekule kwangu kwa kwanza, siku ya kung'oa ni nyundo na machozi. Na kuna vibao vinene vya sentimita 4 au 5, hivyo vinakubali kulazwa juu ya mchanga ulioshindiliwa, vinang'oka, vinarudi. Ni vizito zaidi na fundi wake lazima awe na subira kwa sababu hakuna viwili vyenye unene sawa, kila kimoja anakichimbia kitanda chake, anakigonga na nyundo ya mpira, anaweka pimamaji, anakitoa, anaongeza mchanga, anakirudisha. Jirani yangu fundi wa kwanza alimkimbia siku ya tatu. Wa pili alikuwa mzee mmoja hana haraka, anakunywa kahawa, analiangalia jiwe kama anasoma barua, lakini mpaka leo meza ya plastiki ukiiweka pale haichezi.

Na kucheza kwa meza si jambo dogo. Galana ile ya asili, isiyokatwa na mashine, ina vilima na mabonde, kiti kinayumba, bibi mwenye bakora anajikwaa, mtoto wa baiskeli analalamika. Kama nyumbani kuna mtu mzima ambaye miguu haina nguvu au anatumia kiti cha magurudumu, kabro inaishinda galana hapo waziwazi, wala usiongee habari ya urembo. Au basi chukua galana iliyokatwa mraba kwa msumeno ya uso ulionyooka, itakugharimu zaidi.

Jiwe la mchanga pia lina ugonjwa wake, kubambuka. Maji yenye chumvi yanaingia kwenye tabaka, yanakauka, chumvi inageuka punje na kusukuma, na jiwe linatoka ganda ganda kama kitunguu. Nyumba ya mstari wa mbele inayopigwa na marasharasha ya bahari msimu wa kusi itaona hili mapema kuliko sisi wa nyuma. Dawa ni kuchagua jiwe moja moja. Gonga na kinyundo, lenye mlio safi kama sahani ya chuma lichukue, lenye mlio mzito limeshaachana ndani. Na usikubali mtu aje na ile vanishi ya kung'arisha akulipake juu, miezi inang'aa halafu chumvi iliyofungiwa chini inaitoa kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, Watamu na hapa Casuarina utaziona hizo nyingi kwenye nyumba ambazo mwenyewe anakuja mara moja kwa mwaka.

Haya, zege. Siisemi vibaya kwa sababu iliniudhi, ina mahali pake. Ni ya haraka, kila fundi anaijua, na kama ni njia ya kupitisha mkokoteni au mahali pa kufulia sioni tatizo. Uwanja kama ule wangu wa mita 30 za mraba kwa unene wa sentimita 10 ni kyubiki 3, yaani mita za ujazo, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) kila kyubiki inakula mifuko 6 na nusu hivi ya kilo 50, sema mifuko 20 umalize. Fundi akija na hesabu ya mifuko 12 usifurahi umepata nafuu, muulize atapunguza unene au simiti. Na hapa ndo wengi wanaharibu: wanamwaga kipande kimoja kikubwa bila mikato. Zege lazima lipasuke, wewe unachoamua ni lipasukie wapi, kwa hivyo kila mita 3 au pungufu weka mkato ulionyooka, ufa utafuata hapo. Nondo na waya za BRC, zile nyavu za chuma, zikiwekwa juujuu karibu na hewa, na hewa yenyewe ndo hii ya chumvi, zinashika kutu, kutu inavimba na zege linapasuka kutokea ndani, zifunikwe sentimita 4 au 5 au usiweke kabisa kama ni njia ya miguu tu. Halafu mwagilia maji siku saba, asubuhi na jioni, au funika na magunia mabichi, jua letu likikausha zege siku ya kwanza umeshalipoteza. Maji ya kisima cha chumvi usiyatie kama kuna chuma ndani.

Na ile niru ya kung'aa nje sifanyi tena. Mvua ikinyesha ni barafu. Waambie wapitishe ufagio mgumu kabla haijakauka, iwe na mistari, basi mguu unashika.

Taili nitazipitia haraka kwa sababu nina hasira nazo. Taili ya ndani ukiiweka nje ni kutafuta mtu wa kumpeleka hospitali, na kila mwaka kuna mtu anafanya hivyo kwa kuwa zilibaki boksi nne za sebuleni. Kama lazima taili, basi ziwe zile za uso wa kukwaruza, kwenye boksi zimeandikwa R11 kwenda juu, na chini yake zege lenye mteremko halisi. Zinafanana na za dukani milele, hilo ni sifa na ni kasoro. Moja ikipasuka baada ya miaka mitano utatafuta mwenzake Malindi yote hupati, kiwanda kimeshaacha muundo huo. Terazo hadithi ni ileile, ndani ya nyumba ni mfalme, nje ikisuguliwa ikang'aa inateleza, na kwa kuwa ile chembechembe ndani yake ni marumaru, ndimu ikidondoka inaacha doa la kufifia lisilotoka. Pwani ndimu inadondoka kila siku jamani.

Kokoto ni nafuu kuliko zote, maji yanapita moja kwa moja, hakuna cha kung'oa kwa sababu hakuna kilichofungwa. Na mwizi akiingia unamsikia. Lakini weka ukingo pembeni la sivyo baada ya mwaka zimehamia bustanini, na zile nyeupe za mawe ya matumbawe zinatoa unga, viatu vyote vya nyumba ile vina weupe. Kwa upande wa nyumba ambao hakuna anayekaa zinatosha sana. Mbao sitasema, mchwa wameshasema.

Mawe ya matumbawe yenyewe kama sakafu ya nje, vibao vya kukatwa, kuna wanaoyapenda kwa ule weupe wake na hayachomi miguu kama mengine. Mi naona ni jiwe la ukuta. Kuta zake pale kwenye magofu ya Gede zimesimama karne na karne, lakini kukanyagwa kila siku ni kitu kingine, ni laini, linakunywa maji, na kivulini msimu wa mvua linaota kijani cha utelezi. Ukiliweka, basi liwe mahali jua linafika. Na mtu asije na asidi kulisafisha. Fundi wengi wakimaliza kazi wanamwaga asidi kutoa madoa ya simiti, juu ya tumbawe au chokaa utaona linatoa povu, lile povu ndo jiwe lako linaondoka. Brashi ngumu na maji yanatosha, kijani kikizidi tia jiki kidogo usuuze vizuri.

Sasa Lamu, ambako hesabu zote hizi zinapinduka.

Khala yangu anakaa mji wa kale, kwenye mitaa ile ambayo punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Alitaka kiwanda chake, ule uwanja wa ndani wa nyumba, kifanywe upya. Mi nikaenda na mawazo yangu ya Malindi, kabro, ninajua hesabu. Tukapiga. Kiwanda chake ni kama mita 15 za mraba, kabro 750 za milimita 60, na moja ina uzito wa karibu kilo 2 na robo tatu, jumla zinapita tani 2. Malindi hiyo ni safari moja ya pikapu kubwa, hujasikia. Lamu ni lori hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kushusha, kupakia kwenye boti, kuvuka, kushusha ukutani, kupakia kwenye punda, kupanda mitaani, kushusha mlangoni, halafu kuingiza kwa mikono kupita daka, ile baraza ya mlangoni, na sebule. Kila kushusha kuna mtu wa kulipwa na kuna pembe za kumeguka. Galana nene ingekuwa afadhali kidogo, tani 1 na nusu hivi, lakini nalo linatoka kulekule kwetu. Wakati huo ng'ambo tu hapo, Maweni kisiwani Manda, mawe yanachongwa na yanavuka kwa jahazi kama yalivyovuka tangu mji unajengwa.

Ila uzito haukuwa jambo lenyewe. Miaka ya nyuma kuna mtu alimshauri amwage simiti kiwanda chote mpaka ukutani, akamwaga, na tangu hapo lipu ya ukuta ikaanza kubanduka kuanzia chini, inapanda kila mwaka, mara inafika magotini, mara kiunoni. Kila mtu alilaumu ukuta. Akaja fundi mmoja mzee wa palepale aliyezoea nyumba za chokaa, akaangalia, akagonga sakafu na kisigino, akasema unyevu wa ardhini zamani ulikuwa unapumulia kiwandani, mumeuziba, sasa unatafuta pengine pa kutokea na pengine palipobaki ni ukuta. Jiwe la tumbawe linakunywa kama sifongo, na chumvi inapanda nao. Khala akamalizia kwa Kiamu chake, "Mai yataka ndiya, mwanangu," yaani maji yanataka njia. Basi.

Kwa hivyo tukavunja ile simiti yote, na kifusi chake kikaondoka kwa punda hao hao, nikalipa mara mbili kwa kosa ambalo si langu. Tukaweka vibao vya mawe juu ya mchanga uliooshwa, mianya imejazwa chokaa na mchanga badala ya simiti, na pembeni ya kuta tukaacha ukanda wa upana wa shubiri moja wa kokoto ili ukuta upumue. Lipu mpya ikapigwa ya chokaa. Haikupona mwezi ule, chumvi iliyokwisha kupanda ilichukua muda kutoka, tukawa tunaifagia ukutani kama unga. Lakini imeacha kupanda. Kwa nyumba za kale za mawe na chokaa mi siku hizi nasema wazi, zege na taili kiwandani hapana, hata ukipewa bure. Na kwa sababu Mji wa Kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kabla hujavunja kitu uliza ofisi ya makumbusho, ni afadhali wakusumbue kabla kuliko baada.

Kuna kitu kingine cha Lamu, mchanga. Mtu atakwambia Shela upo mwingi wa bure. Ile milima ya mchanga ya Shela ndo inayohifadhi maji matamu ya visima mnavyokunywa, mkiihamishia chini ya kabro mtakunywa bahari.

Nirudi Malindi nimalizie la chini ya ardhi, maana hapo ndo pesa inapotea na haionekani. Kabro au galana nzuri juu ya kitanda kibaya ni kitanda kibaya tu. Aliyejenga kwenye mchanga karibu na bahari ana bahati, maji yanashuka, anachohitaji ni kushindilia na ukingo imara wa zege pembeni ili kabro zisitawanyike. Aliyejenga kwenye udongo mwekundu ule wa kuelekea Magarini aende Marafa aone Nyari, lile bonde mvua ilivyolichonga, udongo ni wa namna ileile ulioko chini ya uwanja wake. Maji yakipata mwanya yatakula chini kabro zibaki zimening'inia. Kwake achimbe zaidi, aweke mawe ya kifusi, vumbi la kokoto, kila tabaka lishindiliwe na mashine si kwa miguu ya vijana watatu wanaoimba, ndo mchanga wa sentimita 3 hadi 5 uje juu. Na mteremko, sentimita 2 kwa kila mita, kwenda mbali na nyumba. Uwanja wa mita 5 upande wa chini ushuke sentimita 10, ukiangalia kwa macho utaona kama ni mwingi, mvua ya kwanza ya Mei utaona ni kiasi. Usimwamini fundi anayesema ameona kwa jicho. Uzi na pimamaji, na ndoo ya maji umwage mwenyewe kabla hujalipa salio.

Ukipitisha gari, kabro zipangwe kwa kupishana kama ukili wa mkeka, siyo mistari iliyonyooka, gurudumu likikata kona mistari inafunguka.

Kwangu leo hivi ndivyo ilivyo: getini hadi mlangoni kabro za kijivu, upande wa jikoni zege la mistari pale pa kufulia tu, na chini ya mkungu, pale ambapo mzizi ulinishinda, galana nene sita zimelazwa juu ya mchanga na kokoto katikati yake. Mzizi ukiinua moja nainyanyua, natoa mchanga kidogo, nairudisha. Nimeshafanya hivyo mara mbili. Makungu yakidondoka yanatia madoa kila mahali na hilo sijapata jiwe la kulishinda, kwenye kabro angalau nageuza.

Na ukiagiza kabro agiza 30 au 40 za ziada uzipange nyuma ya nyumba ziungue jua pamoja na wenzao, siku ukihitaji ya kubadilisha rangi itakuwa moja. Zangu kuku wametagia juu yake, lakini zipo.